Nyenje Katika Injini

Motokaa yetu hapa Maposeni si kitu cha kujivunia. Ni kuukuu, mlango wake wa kushoto wafungwa kwa kamba, na rangi yake ya kwanza hakuna aijuaye. Tuliinunua kwa akiba ya mshahara wa ualimu, akiba ya miaka mingi, na siku ilipoingia uani majirani walikuja kutupa pongezi kama watu waliojaliwa mtoto. Tangu siku hiyo imekuwa motokaa ya kijiji kuliko kuwa yetu. Wakati wa mavuno hubeba mahindi, wakati wa kupanda hubeba mbolea; na usiku, mtu agongapo dirisha na kuita, "Hodi, Mwalimu, tuna mgonjwa," twajua kwamba yatupasa kuvaa viatu na kutafuta ufunguo, kwa maana hospitali iko Peramiho, wala si kila mgonjwa awezaye kukaa juu ya pikipiki.

Basi mwezi wa Agosti, katika siku za vumbi, motokaa ikaanza kutoa sauti ngeni. Kila asubuhi tulipowasha injini alisikika nyenje akilia upande wa mbele. Alilia kwa dakika mbili tatu, kisha akanyamaza. Mtoto wetu wa mwisho ndiye aliyempa jina hilo. Alisema, "Baba, kuna nyenje ndani ya gari," na nduguze wakamcheka. Sisi nasi tulicheka, tukaenda zetu shuleni.

Wiki zikapita. Nyenje akawa halali tena. Mwezi wa Septemba sauti yake iligeuka, ikawa kama mawe ya kusagia yanayosuguana pasipo nafaka kati yake. Mama watoto, ambaye hajapata kushika spana maishani mwake, alisimama mlangoni asubuhi moja akasikiliza, akasema, "Nyenje wenu amekua." Hapo ndipo tulipofungua boneti.

Kwa msomaji asiyepata kutazama mahali hapo, tueleze kidogo. Injini izungukapo huzungusha puli kubwa iliyo chini, na puli hiyo huvuta mkanda mrefu wa mpira. Katika injini yetu mkanda ni mmoja tu, nao ndio uendeshao mambo yote ya nje: pampu ya maji ipozayo injini, altaneta itiayo betri umeme, na pampu ya mafuta ifanyayo usukani kuwa mwepesi. Lakini zaidi ya hizo ziko puli mbili ambazo hazizungushi kitu. Moja huuongoza mkanda usiguse mahali pasipofaa. Nyingine, iliyo juu ya mkono wenye springi, huukaza usilegee. Kazi yao ni kuzunguka tu, nazo huzunguka sana. Injini ikizunguka mara 2000 kwa dakika, puli ndogo ambayo upana wake ni nusu ya ile kubwa yazunguka mara 4000. Ndani ya kila moja imo beringi, na beringi ikifa puli husimama. Puli ikisimama mkanda huungua au hukatika, na mkanda ukikatika vyote vitatu tulivyovitaja husimama kwa mara moja.

Tulijaribu kwanza kujua kama kosa ni la mkanda au ni la beringi. Njia yake ni rahisi. Injini ikiwa yanguruma, watia matone machache ya maji juu ya mkanda, upande ule wenye mifuo. Sauti ikinyamaza au ikibadilika kwa muda, mkanda ndio uliao. Isipobadilika, sikiliza puli. Yetu haikubadilika hata kidogo. Ndipo tulipochukua bisibisi ndefu, tukaweka ncha yake juu ya kichwa cha bolti ya puli, kile kilicho katikati, na mpini tukauweka sikioni, kama daktari asikilizavyo kifua. Puli ya kwanza ilivuma vizuri. Ya pili ilinguruma kama tumbo la mtu aliyekula maembe mabichi. (Afanyaye hivi na avue kwanza shuka, skafu, na kila kitu kining'iniacho, maana mkanda huo hauna huruma na nguo wala na kidole.)

Fundi mmoja mjini alitwambia kwamba dawa yake ni kununua puli nzima, akataja bei ipatayo thamani ya magunia matatu ya mahindi. Tulipomwuliza kama beringi peke yake haiwezi kubadilishwa, alisema yaweza, ila yeye hafanyi kazi hiyo. Beringi yenyewe dukani ilikuwa thamani ya debe moja. Gunia la mahindi ni madebe sita. Msomaji na apige hesabu kama tulivyopiga sisi njiani tukirudi, na kiburi kikiingia moyoni kwa kila debe tuliloliokoa.

Jumamosi iliyofuata tulizima injini, tukangoja ipoe, tukatoa waya wa betri. Kabla ya kugusa mkanda tulichora katika daftari njia yake yote, unavyopita juu ya puli hii na chini ya ile, maana mkanda ukirudishwa vibaya waweza kuizungusha pampu ya maji kinyumenyume. Tuliusukuma mkono wa springi kwa spana ndefu, mkanda ukalegea, tukautoa. Tulipoizungusha ile puli mbovu kwa kidole ilizunguka upesi na kwa muda mrefu mno, ikitoa sauti kavu. Watu wengi hudhani kwamba puli izungukayo kwa muda mrefu ndiyo nzima. Si hivyo. Puli nzima huzunguka kimya na kwa uzito kidogo, kwa sababu ya grisi iliyo ndani. Ile ikimbiayo kama gololi mezani grisi yake imekwisha kukauka.

Bolti yetu ilifunguka kwa kawaida, lakini twawaonya wenye motokaa za aina nyingine: ziko bolti za puli zifungukazo kinyume, na asiyejua hukaza akidhani afungua, hata kichwa chake kikakatika. Kadhalika ziko puli za plastiki ambazo plastiki yake imemiminwa kuizunguka beringi. Hizo hazifai kubomolewa, bora kununua nzima. Yetu ilikuwa ya chuma, na beringi yake ilishikwa kwa pete nyembamba ya kufungia. Tuliibana pete hiyo kwa koleo yenye ncha, ikatoka.

Juu ya beringi yenyewe palikuwa na maandishi madogo: 6203-2RS. Maandishi haya yafaa kujulikana, kwa kuwa ndiyo ya kumwonyesha mwenye duka, wala si jina la motokaa. Tarakimu mbili za mwisho, 03, zaonyesha tundu la katikati, yaani milimita 17. (00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17; toka 04 kuendelea mtu huzidisha kwa tano, hivyo 04 ni 20 na 05 ni 25.) Upana wake wote ni milimita 40, na unene milimita 12. Herufi 2RS maana yake ina vifuniko vya mpira pande zote mbili, navyo hufaa sana kwa vumbi letu. Ikiongezwa alama ya C3, basi nafasi ya gololi ndani yake ni kubwa kidogo, ili chuma kitanukapo kwa moto zisibanwe. Namba hizo ni zile zile duniani kote. Beringi ya 6203 iliyotoka katika mota ya umeme hulingana kwa vipimo na ile iliyotoka katika puli ya motokaa, na mtu wa Songea aweza kununua iliyotengenezwa Japani au Uchina, nayo itakaa mahali pake.

Twaomba ruhusa tupotoke njia kidogo. Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 walikuwa wa shirika la St. Ottilien, katika nchi ya Bavaria huko Ujerumani. Katika Bavaria hiyo hiyo umo mji wa Schweinfurt, na huko mwaka 1883 mtu aitwaye Friedrich Fischer alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma, zote zikawa za mviringo kamili na za kipimo kimoja. Kabla ya hapo gololi zilikuwa kazi ngumu na ghali. Toka mashine ile mji ukawa mji wa beringi. Hata katika Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walipotaka kuzisimamisha mashine za Ujerumani, waliupiga mji huo kwa mabomu tarehe 17 Agosti 1943, wakarudi tena tarehe 14 Oktoba, na siku hiyo ya pili walipoteza ndege 60. Tulipokuwa tumeishika ile beringi mbovu kiganjani, tuliyakumbuka hayo, tukashangaa.

Sasa twafika kwenye kosa letu. Beringi mbovu tuliitoa kwa nyundo na kipande cha bomba, ikatoka bila ya taabu. Ile mpya ilikataa kuingia. Nafasi yake ndani ya puli imepimwa ili ibane, na ndivyo ipasavyo, maana beringi iliyolegea huzunguka mahali pake na kuula ukuta wa puli. Tukaiweka juu ya tundu, tukatafuta kitu cha kuipigia, tukaona bolti nene yenye kichwa kilichotosha katikati. Tukapiga. Ilikaa upande, tukapiga upande wa pili. Ikanyoka, tukapiga tena, hata ikazama mpaka mwisho. Watoto walipiga makofi. Tulirudisha pete, puli, mkanda, tukawasha injini, na nyenje alikuwa kimya kabisa. Tulimwita mama watoto aje asikilize kimya hicho. Kwa wiki nne au tano tuliwaambia watu wengi, hata wasiouliza, kwamba tumeokoa karibu magunia matatu ya mahindi.

Katikati ya Novemba mvua za kwanza zilinyesha. Usiku mmoja jirani yetu, mama wa makamo, aligonga dirisha. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa uzazi wa kwanza, na uchungu haukuwa ukienda vizuri. Tulimlaza kwenye kiti cha mbele, mama yake akaketi nyuma pamoja na mkwewe wakijifunika turubai, tukaondoka. Hatukuwa tumekwenda mbali tuliposikia mlio mbele, si wa nyenje tena, bali wa kopo linaloburutwa juu ya mawe. Kisha kishindo kimoja. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Usukani ukawa mzito kama umetiwa saruji. Tukatazama mshale wa moto wa injini, nao ulikuwa ukipanda.

Tulitamani kuendelea. Binti alikuwa ametushika mkono wa shati akisema, "Mwalimu, usisimame, usisimame." Lakini pampu ya maji ilikuwa haizunguki, na injini iendeshwayo hivyo huchemka kwa dakika chache, kisha kichwa chake hupinda, na hapo hakuna wa kutusaidia sisi wala yeye. Tukasimama gizani, mvua ikinyesha. Mkwe alikimbia mpaka nyumba za karibu, akarudi na kijana mwenye pikipiki. Walimkalisha binti katikati, mama yake nyuma akimshika kwa mikono miwili, wakaondoka polepole, na taa yao nyekundu tukaifuata kwa macho mpaka ikapotea. Sisi tulibaki na motokaa. Harufu ya mpira ulioungua ilijaa yote.

Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko, wa kike, naye na mama yake wakawa wazima. Habari hiyo tuliipata asubuhi, na hatuwezi kueleza jinsi tulivyoipokea. Siku ya tatu yule mama alikuja kwetu kutoa shukrani, kama ilivyo desturi ya watu wenye adabu, ingawa kwa kweli hapakuwa na kitu cha kushukuru. Alipomaliza kunywa chai aliuliza, "Mwalimu, fundi aliyetengeneza lile gari ni nani?"

Tukajibu, "Ni sisi, Mama."

Alitutazama. Akasema, "Haya," akajifunga kanga yake, akaenda.

Tungaliweza kuinunua puli nzima siku ile ile, nasi tulikuwa tayari hata kukopa. Lakini neno "Haya" lilituchoma, na zaidi ya hayo tulitaka kujua. Beringi mpya haifi kwa wiki tano. Kwanza tulimlaumu mwenye duka moyoni, tukasema ametuuzia ya bandia. Za bandia zipo, zenye sanduku zuri na maandishi yafutikayo kwa kidole. Basi tukamwendea mzee mmoja aliyejifunza ufundi katika karakana za Peramiho enzi za ujana wake, naye sasa amekaa kwa wajukuu zake. Tulimwamkia, tukampa beringi. Hakuuliza habari za duka. Aliizungusha karibu na sikio, akatia ncha ya kisu chini ya kifuniko cha mpira akakitoa, akanusa grisi iliyoungua. Kisha akaifunga ndani ya gunia, akaibana kwenye jiliwa, akaipasua pete ya nje kwa patasi na nyundo. Gunia, alisema, ni kwa ajili ya macho, maana chuma hicho kigumu hupasuka kama glasi.

Aliisafisha pete ya ndani kwa mafuta ya taa, akatupa. "Pitisha ukucha wako, mwanangu."

Tukapitisha ukucha katika ule mfuo gololi zipitamo. Ukakwama, ukapita, ukakwama, ukapita. Tukahesabu mahali ulipokwama. Palikuwa nane. Tukahesabu gololi zilizokuwa ndani ya gunia. Zilikuwa nane.

"Ulipiga wapi?" akauliza.

"Katikati, Baba."

"Pete ya ndani."

"Ndiyo."

Akachukua kijiti, akachora chini duara mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake vitone. Pete ibanayo ndani ya puli, alisema, ni ya nje. Sisi tuliipiga ya ndani. Basi nguvu ya nyundo haikuwa na njia nyingine ila kupita katika gololi ili iifikie ya nje, na kila gololi ikaacha kijishimo mfuoni. Vijishimo hivyo jicho halivioni, wala siku ya kwanza havilii. Lakini gololi ipitayo juu yake maelfu ya mara kwa dakika huvichimba, chuma hubanduka, unga wake huingia katika grisi, na mwisho wake tuliuona. Beringi ile ilikufa juu ya meza yetu, mikononi mwetu, watoto wakipiga makofi. Mwenye duka hakuwa na hatia.

"Mshike pete ile inayobanwa," alisema mzee. "Ikibanwa ya nje, sukuma ya nje. Ikibanwa ya ndani, kama juu ya ekseli, sukuma ya ndani. Na nyundo uiache mpaka uwe huna budi."

Beringi ya pili tulinunua duka lile lile. Mzee alituagiza kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuilaza usiku kucha katika friza ya jirani auzaye soda. Asubuhi tuliichemsha puli ndani ya sufuria ya maji (mama watoto alisimama karibu kuona ni sufuria gani), tukaitoa kwa koleo, tukaifuta haraka. Moto huitanua puli na baridi huisinyaza beringi. Kwa chuma cha upana wa milimita 40 tofauti yake yapata sehemu nne tu za mia za milimita moja, pungufu ya unene wa unywele, lakini ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta kwa nyundo. Tuliiweka juu ya tundu na kuisukuma kwa vidole gumba, ikashuka karibu nusu. Hapo mzee akaweka juu yake soketi ambayo ukingo wake uligusa pete ya nje peke yake, akaweka vyote katika jiliwa, akakaza taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ilizama bila ya sauti. Asiye na jiliwa, alisema, aweza kutumia bolti ndefu, nati na washa nene. Mradi washa iegemee pale pale.

Aliizungusha kwa kidole, akatupa tuizungushe sisi. Ilikwenda kimya, kwa uzito kidogo. Kisha akatwambia tutoe na ile puli ya kwanza, ambayo hatukuwa na shaka nayo, maana imekwenda maili zile zile katika vumbi lile lile. Tulifanya vivyo hivyo, na mara hii mikono ilikuwa yetu, yeye akiwa ameketi juu ya kigoda akitazama, pasipo kusema neno.

Hayo yalikuwa Novemba. Mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado nyingi, yule mama alikuja tena alfajiri, binti yake nyuma yake na mtoto mgongoni. Walitaka kwenda kliniki, tena mtoto alikuwa na homa. Tulichukua ufunguo, tukawasha injini. Binti alitaka kupanda, lakini mama yake akamzuia kwa mkono. Alikwenda mpaka mbele ya motokaa, akainama, akaweka sikio lake karibu na boneti, akakaa hivyo kwa muda tuliouona kuwa mrefu sana. Kisha akarudi, akafungua ile kamba ya mlango wa kushoto, akampandisha binti yake.